Msaada wakuu: nguo za chuma za askari wa Kirumi kwa ajili ya Ijumaa Kuu, fundi wangu amenitengenezea pipa

Mtu_wa_Kihesa

Kamwene wakuu, natumai mko poa.

Niko Iringa, ni katibu wa vijana kigangoni kwetu na kila mwaka Ijumaa Kuu huwa tunaigiza njia ya msalaba, tunatoka kanisani mpaka kilimani kule juu kama kilomita mbili hivi na watu wanatufuata wanaimba. Sasa mwaka jana mavazi ya askari tulitengeneza kwa maboksi tukapulizia rangi ya silva, kwa mbali yalipendeza kweli, picha zipo, ila tulipofika kituo cha saba ikashuka ile mvua mnaijua, mpaka tunafika kituo cha kumi askari wangu wote sita wamebaki na fulana na vipande vya boksi vinaning'inia shingoni, mmoja rangi imetoka kifuani yanasomeka maandishi ya mafuta ya kula. Na kituo cha kumi ndo kile Yesu anavuliwa nguo, kwahiyo ikawa kama waliovuliwa ni askari. Watoto walicheka mpaka kituo cha kumi na mbili. Paroko hakusema kitu, alinyamaza tu, na ule unyamavu wake mimi naujua.

Mwaka huu nikasema boksi basi, tunafanya chuma. Nikaenda kwa fundi wa mageti nikamwonyesha picha kwenye simu, ile nguo ya Kirumi yenye mabati mabati ya kuzunguka tumbo na mabegani, akasema hiyo ndogo. Baada ya siku nne ananipigia njoo uchukue. Wakuu, kaunga kila pande kwa weldi juu mpaka chini, kitu kinasimama chenyewe sakafuni bila mtu ndani. Kukivaa unaingilia kwa chini kama kuku kwenye tenga, kukivua mpaka watu wawili wakuvute. Kijana akinyanyua mkono chuma kinamgonga kidevu, akiinama kinamchimba mapaja, na kukaa chini ndo kabisa haiwezekani. Nilipima kwenye mzani wa duka la mahindi, kilo 12 na robo. Na laki na nusu yangu imeenda.

Naombeni kujua wenzetu walifanyaje mpaka mtu akavaa hiki kitu akatembea, akapigana, akachimba mitaro. Bati gani linafaa, unene gani, na je kwa laki tano zilizobaki naweza kupata sita? Wiki saba zimebaki.

Chaurembo_TZ

Mkuu huyo sio askari ni geti linalotembea 😂😂 weka picha

Mtu_wa_Kihesa

Siweki. Nina heshima zangu hapa mjini.

Fundi_Bati_Mwanjelwa

Kaka pole sana, nimecheka ila pole.

Mimi ni fundi bati hapa Mbeya, kazi zangu ni magata, majiko ya mkaa, mabomba ya moshi, ila miaka kama minne nyuma kuna mgeni alikuwa anafundisha huku akanipa kazi ya kumtengenezea hilo vazi kamili. Huko kwao wana kikundi, wikiendi wanavaa kama Warumi wanapiga kambi porini, watu wazima kabisa na kazi zao, wana familia. Alikuja na michoro na vipimo vyote vya milimita, tukakaa nalo miezi mitatu, la kwanza nililiharibu, la pili ndo akaondoka nalo. Kwahiyo ninachoandika hapa nimekishika kwa mkono.

Fundi wako ameangalia picha akaona mabati, akaunga mabati. Ngozi hakuiona kwasababu iko ndani, na ngozi ndo inabeba kila kitu. Lile vazi ni vipande vinne, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, bega la kulia na bega la kushoto. Ubavu mmoja una mapande saba au nane, kila pande ni nusu duara, linaanzia uti wa mgongo linazunguka chini ya kwapa linaishia katikati ya tumbo. Ndani inashuka mikanda mitatu ya ngozi, mmoja karibu na uti wa mgongo, mmoja ubavuni na mmoja mbele, na kila pande limepigwa ribiti kwenye mkanda. Bati na bati lenzake hazijashikana popote! Zinalaliana tu kama bati za paa, la juu linafunika kichwa cha la chini, hata mvua ikinyesha maji yanateleza. Ushawahi kumwona kakakuona anajikunja? Ndo hivyo hivyo. Ukiinama mapande yanaingiliana, ukinyooka yanashuka yanajipanga.

Katikati ya tumbo na mgongoni kuna vijipete vya shaba kwenye mapande, unapitisha kamba ya ngozi unakaza kama viatu. Mabega ni mapande marefu membamba yanapanda kifuani yanapita juu ya bega yanashuka mgongoni, nayo yamening'inizwa kwenye ngozi, na karibu na shingo kuna vibati vidogo vimeungwa kwa bawaba za shaba. Halafu bega linashikizwa kwenye ubavu kwa mikanda midogo yenye bizimu. Ukimaliza kuvua unalikunja lote, linaingia kwenye kiroba cha kilo 50 na nafasi inabaki.

Sasa lile la kwanza niliharibu hivi. Nilichukua ngozi mpya laini kwa fundi viatu nikapiga ribiti siku hiyo hiyo, likatoka zuri kama la picha. Nikalitundika ukutani. Wiki mbili baadaye ngozi imevutika, mapande yameachana, katikati yao naona ukuta! Ikabidi ning'oe ribiti zote, ribiti themanini na kitu, moja moja kwa tindo. Kwahiyo wewe kata mikanda yako, ilowanishe, itundike na jiwe chini usiku mzima au siku mbili, ikivutika ivutike kabla. Na usitumie ngozi ya begi la mtumba, hiyo nyingi ni rekseni, ngozi bandia, inapasuka. Tafuta ngozi ya ng'ombe yenye mafuta, ile ya mikanda.

Bati: chukua shiti nyeusi, chuma tupu kisicho na zinki, ya milimita 1. Shiti ya futi 4 kwa 8 ina kama kilo 23, na vazi moja linakula chini kidogo ya mita moja ya mraba, kwahiyo kimahesabu unapata matatu kwa shiti, ila wewe panga mawili maana utakosea tu. Kwa askari sita shiti tatu. Vazi moja litatoka kilo saba nane hivi na ngozi na shaba zake. Huyo wako katumia moja na nusu, ndo maana kilo 12. Kata mapande ya sentimita 6 upana, yalaliane kama moja na nusu. Urefu pima mtu mwenyewe akiwa amevaa nguo nene ndani, gawa mbili, ongeza kidogo. Kukunja usitafute mashine, chukua gogo la mlingoti lililokauka, laza bati juu lisukume kwa mikono na nyundo ya mbao, likunje zaidi ya unavyotaka maana likiachiwa linarudi.

Na tupa, ile ya kulainishia chuma. Kaka, tupa tupa tupa. Kila ukingo. Ukimaliza chukua pamba ipitishe ukingoni, ikinasa rudi tena. Ule wa shingoni na wa kwapani usiishie kwenye tupa, ukunje kwa nje uwe kama mdomo wa sufuria, Warumi wenyewe walifanya hivyo, la sivyo Ijumaa Kuu utapata damu ambayo haiko kwenye maigizo.

Ribiti za dukani zile za kufyatua zinaonekana, mimi nilikata waya wa shaba mnene wa umeme nikaugonga kichwa pande zote mbili na washa (kile kibati cha duara chenye tundu) ndani upande wa ngozi ili isichanike. Waya nunua dukani, ule wa mtaani wote tunajua umetoka wapi.

Dereva_Tunduma

Kwanini mnahangaika na shiti wakati mapipa ya lita 200 yamejaa? Yamekunjwa tayari, unakata tu. Au bati la paa, geji 28, nyepesi.

Fundi_Bati_Mwanjelwa

Dereva, pipa linafaa kiasi, unene wake uko humo humo kwenye milimita moja, ila lina zile mbavu zake katikati ambazo utazikwepa, na upana wake ni wa watu wawili wamekumbatiana kwahiyo kukunja kuko pale pale. Pipa moja linatoa vazi moja na kidogo. Shida yangu ni lilibeba nini. Pipa la petroli au thina tupu ndo baya kuliko lililojaa, ule mvuke wa ndani ukikutana na cheche ya grenda tunakuzika. Kama lazima, lioshe, lijaze maji, fungua kwa tindo, grenda baadaye.

Bati la paa hapana. Laini, linajikunja kama karatasi, lina migongo, na lina zinki juu. Ukilipasha moto ule moshi mweupe unaupata usiku, unatetemeka na homa unadhani malaria, unaenda kupima hamna kitu. Mimi yamenikuta.

Mwl_Mstaafu_Mafinga

Vijana hamjambo. Nimefundisha historia miaka mingi na mada hii imenifurahisha, basi nivumilieni.

Vazi hilo vitabuni linaitwa lorika segmentata. Warumi wenyewe hawakuliita hivyo, jina limetungwa na wasomi kwenye karne ya 16 kwa Kilatini chao. Na huyo fundi wa mageti asionewe, maana wasomi nao walikaa muda mrefu sana na tatizo lile lile. Walikuwa na mnara wa Kaisari Traiano kule Roma, uliokamilika mwaka 113 BK, umechongwa askari wengi wamevaa mabati hayo, na walikuwa na vipande vya kutu vilivyookotwa huku na kule. Ngozi ilikuwa imeoza zamani. Kwahiyo walikuwa wanaangalia picha na kubahatisha, kama fundi wako na simu yako.

Kilichowafungua macho ni sanduku. Mwaka 1964 huko Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, karibu na ukuta wa Hadriano, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta sanduku la mbao lililozikwa kwenye miaka kati ya 122 na 138. Ndani yake zana za useremala, misumari, vichwa vya mikuki, na mavazi haya ya chuma yamekunjwa yamefungwa pamoja mpaka yakagandana kwa kutu. Kutu ndiyo ilisaidia! Chuma kilipooza karibu na ngozi kilibaki na alama yake, ribiti zikabaki mahali pake, na hapo ndipo bwana mmoja aitwaye H. Russell Robinson, aliyekuwa mtunza silaha za kale kwenye Tower of London, akaweza kuyaunda upya akajua mikanda ilipita wapi. Karibu vazi lolote mnaloliona leo limetoka kwenye kazi ile. Baadaye, mwaka 2018, Wajerumani nao wakapata jingine huko Kalkriese, kwenye uwanja wa vita vya mwaka 9 BK Warumi walipopigwa msituni, na hilo ndilo kongwe kuliko yote yaliyopatikana yakiwa karibu kamili.

Tena hizo bawaba na bizimu za shaba alizozitaja fundi zilikuwa ugonjwa wake. Nyembamba, zinavunjika, kwenye kambi za Kirumi zinaokotwa kwa wingi. Mafundi wa jeshi walikuwa hawalali. Aina iliyofuata, ambayo vipande vyake vilipatikana kisimani huko Newstead, Uskoti, wakapunguza vikorokoro wakaweka vitu vinene vya moja kwa moja. Kwahiyo Kihesa, ukivunjikiwa na bawaba siku ya maigizo ujue uko kwenye historia.

Sasa niseme jambo ambalo hamtalipenda. Pontio Pilato alitawala Uyahudi mwaka 26 mpaka 36. Wakati ule lejioni, yaani jeshi lenyewe la raia wa Roma, lilikuwa Siria. Pilato alikuwa na vikosi vya msaada, wengi wao watu waliochukuliwa huko huko Kaisaria na Sebaste. Na vikosi vya msaada kwenye ule mnara wa Traiano wamechongwa wamevaa deraya ya vipete vya chuma vilivyosukwa, sio mabati. Mabati wanayo lejioni. Vipande vya haya mabati vimepatikana Gamla, kule Golani, lakini hiyo ni vita ya mwaka 67, zaidi ya miaka thelathini baada ya Kalvari. Ukitaka ukweli wa kihistoria, askari wako hawahitaji hicho kitu kabisa.

Mtu_wa_Kihesa

Shikamoo mwalimu. Yaani nimesoma mpaka mwisho nikaweka simu chini.

Sasa mwalimu unataka nisuke vipete vingapi kwa wiki saba?

Mwl_Mstaafu_Mafinga

Marahaba. Maelfu kwa maelfu, na kila cha pili kipigwe ribiti 😀 Sikulazimishi. Nimesema tu ili siku mtoto akikuuliza usimdanganye.

Mnyalukolo_Kalenga

Mnapoteza hela kwa Warumi wakati Lugalo iko hapo barabarani. Agosti 1891, Zelewski kamanda wa Wajerumani na jeshi lake na bunduki zao, Wahehe wakamaliza. Hiyo ndo ya kuigiza, na mavazi yake hayahitaji fundi wa geti.

Mtu_wa_Kihesa

Mnyalukolo sikatai, tuandae Agosti nitakuja kusaidia. Ila Ijumaa Kuu nikimleta Mkwawa kwenye msalaba paroko atanihamisha kigango.

Nimeongea nae hilo la mwalimu. Kasema watu wakiona mabati wanajua ni Mrumi, wakiona hivyo vipete kama sweta watauliza huyu ni nani, kwahiyo mabati yabaki. Ila kaongeza akida, yule anayesema "hakika huyu alikuwa Mwana wa Mungu", avae hiyo ya vipete, awe tofauti. Nani anajua njia ya mkato?

Mshonaji_Njombe

Mie nipo. Hiyo ya vipete sukeni kwa uzi. Chukua uzi mnene wa mkonge au hata wa nailoni mweusi, sindano nene, fuma sweta fupi la mikono mifupi mpaka juu ya magoti halafu ligeuze, upande wa nyuma wenye vinundu ndo uwe nje. Rangi ya silva usipulizie mpaka likawa kama sufuria, chukua sponji kavu gusa vinundu tu, weusi ubaki kwenye mashimo. Mita tatu kutoka hapo hakuna atakayekubishia. Tulifanya shuleni nikiwa sekondari, mpaka leo lipo stoo.

Lakini kubwa nililokuja kusema, humu mnaongelea chuma tu, chini ya chuma anavaa nini? Hamuwezi kumvalisha kijana wa watu bati juu ya fulana akatembea kilomita mbili. Uzito wote unakaa mabegani kwenye mfupa. Washoneeni kizibao cha blanketi la mtumba, tabaka mbili, shona mistari ya wima ili lisihame, na mabegani weka tabaka nne au tano kama mto. Mabega yakiinuka hivyo bati za kifuani nazo zinakaa sawa hazijipandishi zenyewe kwa zenyewe. Na kiunoni kamba mkaze, ile sehemu ya chini ishike kiuno ibebe sehemu ya uzito. Shingoni skafu, hiyo mkiiona kwenye picha mjue sio urembo, ni ili chuma kisikwangue shingo.

Kwa baridi yetu ya huku wala hawatalalamika na blanketi.

Mwl_Mstaafu_Mafinga

Mshonaji amesema vizuri.

Nimekumbuka na viatu. Viatu vya askari wa Kirumi vilikuwa vya ngozi vya wazi na misumari chini ya soli. Mkitaka kutumia katambuga na kugonga misumari, fanyeni kwa barabara ya vumbi tu, msiingie navyo kanisani kwenye marumaru. Mwandishi Josephus anasimulia vita vya Yerusalemu vya mwaka 70, akida mmoja jasiri jina lake Juliano aliwakimbiza watu peke yake kwenye ua wa Hekalu, misumari ikateleza kwenye sakafu ya mawe, akaanguka chali na chuma chake kikalia kwa kishindo, waliokuwa wanakimbia wakageuka wakamzunguka wakamuua. Shujaa kabisa, kauawa na viatu.

Chaurembo_TZ

Mwalimu ungenifundisha wewe ningepata A

Mtu_wa_Kihesa

Wakuu narudi na mrejesho, wiki ya nne hii.

Nilimrudia fundi wa mageti na maneno ya Fundi Bati nikayasoma kwa sauti mbele yake, akakaa kimya, akasema sasa kwanini hukuniambia kuna ngozi. Tukamchukua na fundi viatu wa Mlandege, wakakaa wawili, mmoja anajua chuma mmoja anajua ngozi, na kubishana kwao ni sinema nyingine. Ngozi ililowekwa ikatundikwa na matofali siku mbili, ilivutika karibu inchi nzima! Ningepiga ribiti bila hiyo ningekuja kulia hapa.

Vazi la kwanza limetoka. Kilo saba na robo, mzani ule ule wa mahindi. Kijana kavaa na kizibao cha blanketi, kainama kashika vidole vya miguu, kakaa kwenye benchi, kakimbia mpaka barabarani akarudi. Na linatoa sauti wakuu, sikuitegemea hiyo, akitembea linafanya shwa, shwa, shwa, kama mtu anachekecha mchele. Watoto waliokuwa wanacheza mpira pale nje walisimama wakamtazama, hakuna aliyecheka.

Shida mbili. Ya kwanza akinyanyua mkono juu kabisa kama wa kupiga nyundo, pande la bega lililo karibu na shingo linambana, analia. Ya pili tuliliacha usiku mmoja sakristia, mvua imenyesha, asubuhi limejaa alama za vidole za rangi ya chai. Yaani unaona kabisa hapa alishika dole gumba hapa alishika kidole cha kati, vidole vya kila aliyelijaribu viko pale kama polisi wamechukua.

Fundi_Bati_Mwanjelwa

Safi sana kaka, mpe hongera fundi geti.

Bega: ngozi ya bega ni fupi au umepiga ribiti mapande yakiwa yamelala mezani. Mapande ya bega yapigwe yakiwa yamevalishwa juu ya kitu cha duara, mimi nilitumia mtungi wa maji wa plastiki, ili ngozi iwe na ule ulegevu wa ndani. Ng'oa ribiti za mbele za pande mbili za nje, achia ngozi kama upana wa kidole, rudishia. Usiguse za juu. Halafu huyo kijana usimpe nyundo ya kunyanyua juu ya kichwa, apige kutokea usawa wa bega.

Kutu: huo ni chumvi ya jasho, shiti nyeusi ukishaipiga msasa ikang'aa haina kinga yoyote. Msasa laini kwanza toa alama zote, pangusa kwa kitambaa kikavu, pasha bati juani au karibu na jiko liwe la moto kiasi cha kushika, sugua nta ya nyuki, ile ya warina asali ya kweli, italainika iingie, halafu futa na kitambaa cha sufu. Usipake oili chafu, itakuharibia vizibao vyote vya Mshonaji. Mafuta ya alizeti nayo yanaganda yanakuwa kama gundi, vumbi lote la Kihesa litakaa hapo. Baada ya maigizo kila mtu afute la kwake siku hiyo hiyo kabla ya kula, ngozi ikiloa kausheni kivulini, juani inakakamaa inakatika kwenye ribiti.

Na matano yaliyobaki usianze na mabega. Anza mbavu zote kumi, mikono ikishazoea ndo uje mabega.

Mtu_wa_Kihesa

Nimeelewa mkuu. Nta nimepata kwa jamaa wa Mufindi. Mabati ya mbavu kumi yameshakatwa yote, leo jioni vijana wanapiga tupa ua zima, majirani wameanza kulalamika. Akida sweta lake liko Njombe kwa Mshonaji linakuja na basi Alhamisi. Manyoya ya kofia tumefanya kwa mkonge tukachovya rangi nyekundu, yamekaa vizuri ila msiyaguse, inatoka.

Mwaka huu mvua ikitaka inyeshe.

Chaurembo_TZ

Na lile geti la kwanza liko wapi? Kilo 12

Mtu_wa_Kihesa

Akina mama wa jumuiya wamelichukua, wanalikingia moto upepo usipeperushe majivu wakipika. Jana wamepikia makande ya watu sitini.